Kwa Baba, Kuhusu Kiungo cha Mkokoni

Amu, Ijumaa baada ya Alasiri

Baba yangu,

Mola alipanue kaburi lako na kulijaza nuru. Yasini yako nimeisoma asubuhi kama kila Ijumaa, na najua kinachokufikia ni dua, si karatasi. Lakini jambo hili siwezi kulitia ndani ya dua. Dua ni kuomba, na hili ni kukiri. Siri yetu nimeitoa, Baba. Nimemtolea mtu wa kando, tena mgeni wa Mombasa, na tangu siku ile moyo wangu haukai mahali pake. Basi nimeshika kalamu, kwa herufi hizi za Kiarabu ulizonifunza mwenyewe, nikueleze ilivyokuwa. Ukinikasirikia, unikasirikie ukiwa umeyajua yote.

Miezi minane imepita. Mama yu mzima. Eda yake imekwisha, ila bado hamruhusu mtu kukalia kitanda chako cha mchana. Na Maimuna, mdogo wangu, alikuwa na mimba ulipofariki, na mwenyewe alikuwa hajajua. Nalikumbuka sana hilo. Uliondoka hukujua.

Kazi yako ya simu ya upepo alipewa Fundi Omari, ndiye huyo mgeni wa Mombasa. Ni mtu mpole, wa miaka thelathini hivi, amekuja na mkewe Zuhura. Alikuja pia na kasha la viungo vipya vya waya wa antena. Vya madini meupe, Baba, vinang'aa, vinafungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, na ndani mna pete ya mpira ya kuzuia maji. Bwana wa ofisi alisema mambo ya vitambaa na nta yamekwisha. Omari akaenda Mkokoni, kule anakokaa Maimuna, akakata viungo vyetu vyote pale nguzoni, akatia vipya.

Uliposema "vyetu" ulikuwa ukishusha sauti. Mimi bado naishusha hata ninapoandika.

Nakumbuka siku ya kwanza. Ulirudi kutoka ofisini mchana, ukakaa kwenye mkeka ukanionyesha mikono yako kama mtoto aliyechafuka. Ilikuwa ikitetemeka. Ukasema, "Esha, kuzungusha kitambaa naweza. Kulehemu siwezi tena." Chuma cha kulehemu kilikuwa kimekuchoma mara mbili wiki ile, na ukawaambia ofisini ni mafuta ya kukaangia samaki. Mama akafunga mlango. Nikakipasha chuma moto kwenye seredani ya makaa, mbele ya sufuria ya wali, nawe ukanionyesha waya ulivyo: uzi wa shaba katikati, nyama nyeupe juu yake, kisha wavu wa shaba, kisha ngozi nyeusi. Ukasema adui ni ule wavu. Ukipata unyevu mahali pamoja tu, unaunyonya kama utambi unavyonyonya mafuta, na maji ya chumvi yanatembea ndani ya waya yasionekane, mpaka sauti inakufa. Ukanifunza kuzungusha utepe wa mpira juu ya kiungo, kutoka chini kwenda juu. "Anza tini, mwanangu, wende yuu, kama mtu aezekaye makuti. Ukianza yuu, utayakaribisha maji ndani."

Miaka miwili nilikufanyia kazi ile. Ulikuwa ukinipa vipande vya waya nivitie viungo hapa nyumbani, nawe ukenda kuvifunga nguzoni, watu wakisema kiungo cha Fundi Shee hakijui mvua. Nilikuwa nikifurahi na kuogopa kwa pamoja. Wangejua, wangekuachisha kazi.

Sasa nikueleze lililonivunja.

Maimuna alipojifungua mara ya kwanza huko Mkokoni alitokwa na damu nyingi, hilo unalijua. Karani aliita kwa simu ya upepo, boti la serikali likaenda na tabibu, akapona. Safari hii alikusudia kuja kujifungulia kwetu Amu, lakini upepo wa kusi uliwahi kuingia, bahari ikachafuka, na mkunga akasema asitikiswe. Akabaki. Na mvua ya masika ilipoanza, simu ya Mkokoni ikawa inakufa. Kukiwa jua, inasema. Ikinyesha, kimya, siku mbili, tatu, mpaka ikauke. Fundi Omari alikwenda mara tatu kubadilisha kiungo. Mara ya tatu ilikaa siku nne tu.

Haya nilikuwa nikiyapata kwa Zuhura. Alikuwa na mazoea ya kuja kukaa na Mama baada ya Dhuhuri. Akasema mumewe hali chakula, na Bwana wa ofisi amesema akishindwa tena atarudishwa kwao. "Yuasema pengine ni nti hii ya Amu tu, haina radhi naye," akasema Zuhura, akacheka kidogo, kisha machozi yakamtoka. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Mikono ilisimama. Nilihesabu siku za Maimuna kichwani. Zilikuwa zimebaki kama ishirini.

Nikamwambia Zuhura aniletee kiungo kimoja kati ya vile vilivyoharibika.

Mama aliniangalia, Baba. Unaujua mtazamo ule. Mgeni alipoondoka, akasema, "Heshima ya babako imezikwa naye. Usiifukue."

Nikasema nataka kukiona tu.

"Huoni tu wewe. Nakujua."

Kesho yake Zuhura alikileta, amekifunga kwenye pindo la leso. Nilikifungua kwenye mwanga wa kiwanda, hapo uani. Ndani kulikuwa kijani kama chokaa ya kisima kilichoachwa. Niligusa wavu kwa ulimi: chumvi. Kisha nikaitazama pete ya mpira, na hapo, Baba, nilihisi kama umeniinamia begani. Pete ilikuwa laini, mviringo kamili, haina alama hata moja. Pete iliyouma ngozi ya waya lazima ibaki na alama ya kuumia. Hii haikuuma kitu. Kiungo ni kizuri, chuma chake ni kizuri, lakini kimetengenezewa waya mnene kuliko huu wetu wa zamani. Maji yalikuwa yakishuka na waya taratibu na kuingia kwa nyuma, mlango wazi, hodi hayapigi.

Nikamweleza Zuhura. Alijaribu kuyabeba maneno, maskini, lakini kuumana kwa mpira na ngozi ya waya si habari ya kubeba kichwani kwa mtu asiyewahi kushika. Mumewe alimwuliza, nani amekuambia haya? Hakuweza kusema uongo.

Siku ya pili walikuja wote wawili. Omari hakuingia. Alikaa kwenye baraza la daka, pale nje ya mlango, akamtuma mkewe amwombee ruhusa kwa Mama ya kusema nami nikiwa nyuma ya pazia. Nilidhani Mama atamfukuza. Alisimama kitambo, mkono kwenye komeo, akiwaza. Sijui aliwaza nini. Labda Maimuna. Kisha akaufungua mlango, akaleta kigoda, akakaa katikati yetu, kati ya pazia na daka, kama anayelinda mpaka.

Omari alinipa waya na kiungo kwa mkono wa Zuhura. Nilifanya kazi huku nikieleza. Kwanza nilizungusha utepe mwembamba wa mpira juu ya ngozi ya waya, pale pete inapokaa, nikaongeza kidogo kidogo mpaka pete ikaingia kwa shida. Nikafunga, nikakaza, nikafungua tena, nikampelekea pete aione. Ilikuwa na alama. Kisha nikafunga moja kwa moja, nikazungusha utepe kutoka chini kwenda juu, nikapaka nta ya nyuki. Nikamwambia na waya wenyewe uachiwe tumbo chini ya kiungo, uning'inie, ili maji yadondokee pale yasipate ndia ya kufika kwenye mlango.

Alikipokea kiungo kwa mkono wa Zuhura, akakigeuza. Kisha akasema, "Bi Esha, nikuulize?"

"Uliza."

"Viungo vya nguzo ya hapa Amu sikuvikata. Nilivifungua vichache kuvitazama, nikavirudisha. Niliona mikono miwili mle. Mmoja lehemu yake nene, ya haraka. Mwingine tone dogo kama mbegu ya mtama, safi. Na huu wa mtama ndio wa karibuni. Nikajiuliza, mtu huzeeka mkono ukawa mwepesi zaidi?"

Mama aliinamisha kichwa. Ningeweza kusema ndiyo, Baba yangu alikuwa hivyo. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilimwona Maimuna moyoni, na Omari asingeiamini kazi ya mkono asioujua.

"Ni wangu," nikasema. "Miaka miwili ya mwisho. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka."

Basi. Nimelisema. Halikuchukua hata pumzi moja, na nililificha zaidi ya miaka miwili na nusu.

Omari hakusema la kukudhalilisha. Alisema, "Mola amrehemu. Alijua kuchagua." Akaomba nimfanyie viwili vya Mkokoni.

Nilifanya vitatu. Cha tatu nilikizamisha kwenye ndoo ya maji ya bahari kutoka asubuhi mpaka Maghribi, nikakifungua: kikavu. Hata hivyo sikuamini. Maana nilipokuwa nikilehemu kile cha juu ya nguzo, kile chenyewe, mkono wangu ulitikisika. Mara moja tu. Nikauweka chini, nikautazama. Nikajiuliza ni hofu, au ni urithi wako umeanza kunifikia? Nilikirudia kiungo kile mara mbili. Mpaka leo sijamwambia mtu.

Omari alikwenda na mashua ya Jumatatu. Akavifunga, akarudi. Ikanyesha. Baba, wewe unajua mvua ya Amu ilivyo juu ya paa la makuti, lakini sidhani ulipata kuisikiliza kama nilivyoisikiliza mimi wiki ile. Nilikuwa nikiosha vyombo nasikiliza. Nikiswali nasikiliza, Mola anisamehe. Kila mvua ilipozidi niliwaza pete ile kule juu, na maji yakitafuta ufa. Mama alikuwa akipita nyuma yangu na kusema, "Kula," nami nilikuwa nikitia tonge mdomoni bila kujua ni la nini.

Siku ya tisa, asubuhi, mvua inamwagika, Zuhura aliingia mbio, buibui limelowa limemgandama. Nilikaa chini kabla hajasema. Akasema simu imeita kutoka Mkokoni, sauti wazi kabisa. Maimuna ameanza uchungu tangu alfajiri na damu imeanza kabla ya wakati. Boti limeng'oa nanga na tabibu ndani.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa naogopa jambo dogo. Nilikuwa nimeogopa kiungo. Sasa kiungo kilikuwa kimefanya kazi yake, na bado mdogo wangu alikuwa akimwaga damu, nami sina utepe wa kuzungusha. Mama aliingia kuswali rakaa mbili, akaendelea, akaendelea, sijui aliswali ngapi.

Alasiri Omari alikuja mwenyewe dakani. Alisema kwa sauti ya juu kabla ya kubisha hodi, ili tusipate muda wa kuogopa: "Mzima! Mama na mtoto, wote wazima!"

Ni msichana, Baba. Mdogo, analia kwa sauti nyembamba, hivyo ndivyo tabibu alivyoeleza kwa simu. Maimuna amepungukiwa damu sana na amelazwa huko huko, hajaweza kukaa kitako. Bado naogopa. Kila siku Zuhura huniletea neno kutoka kituoni, na kila siku nasimama kusikia.

Halafu likaja hili la mwisho. Bwana wa ofisi amemsifu Omari, na anataka viungo vya Kiwayu na vituo vingine vifungwe hivyo hivyo. Omari alikuja kuniuliza: amwambie ni kazi ya nani, au anyamaze? Alisema hatalitaja jina langu wala lako bila ruhusa yangu. Nilimwomba siku tatu. Sikulala vizuri siku hizo. Niliona watu wakikaa barazani wakisema Fundi Shee alikuwa akila sifa ya binti yake.

Siku ya tatu nilimwuliza Mama. Alikuwa anashona kofia, hakuinua macho.

"Mwambie aseme," alisema. "Babako aliogopa kuachishwa kazi. Sasa nani atamwachisha?"

Basi Omari akasema. Bwana wa ofisi akauliza tu kama yule binti anaweza kufanya kumi kabla ya mwisho wa mwezi. Hakuuliza lingine. Barazani wamesema, bila shaka, lakini mzee mmoja aliyekuwa akipanda nguzo nawe amesema kwa sauti wote wamsikie kwamba alijua tangu zamani, na aliyetaka kukucheka aje amcheke yeye. Kwa hiyo hata siri yetu haikuwa siri kamili. Sijui kama itakufariji au itakuumiza.

Nisamehe, Baba. Na nami nimekusamehe kitu kimoja, ambacho sikujua kama ninacho moyoni mpaka nilipoanza kuandika: ulinifanya niogope kwa ajili yako, peke yangu, muda mrefu mno.

Sasa nikuage, Mama ananiita. Pumzika mahali pema. Viungo vya Kiwayu nitavifanya, na vya Mkokoni nitataka virudishwe kila mwaka kabla ya masika nivifungue kwa mkono wangu nione pete. Nakuahidi hilo. Na nakuahidi la pili, lililo gumu zaidi: siku mikono hii itakapoanza kutetemeka kweli, nitamwambia mtu siku hiyo hiyo.

Mwanao akupendaye,
Esha