Bibi arusi miguu juu

Jovita,

Maharagwe iko kwenye jiko, usiongeze makaa. ~~Samaki mukeke usiguse.~~ Mukeke kula, unibakishie kichwa.

Mujukuu wangu, nimeenda Gatete kwa mama mukwe wako. Asubuhi ulinililia kwamba ile picha yako ya uchumba niliyopiga mimi, ukaiweka kwenye enterneti, yeye ameiona kwenye ordinateri yake, ile mashine ya mezani, miguu juu, sasa anauliza kama mutoto wake anaoa popo. Ukasema sitashika tena simu yako. Sawa. Lakini kwenye simu ulisimama vizuri, ulijiona mwenyewe.

Nimepita kwa Roger wa fotokopi. Kweli, simu ilikuwa kichwa chini: uliifunga na kamba ukanivalisha shingoni isianguke, nikainua nikapiga vile vile inavyoning'inia, kichwa chini. Roger anasema simu haigeuzi picha, inaandika tu ndani ya picha upande gani ni juu. Simu inasoma hayo maneno. Ordinateri ya mama mukwe ni ya zamani, haisomi. Mimi niliishia darasa la tatu na ningeyasoma.

Amenitolea picha kwenye karatasi. Hii ikipinduka, mama mukwe ataigeuza na mukono.

Funga mbuzi. Simu yako usiitafute, iko shingoni kwangu. Nataka nimupige na yeye picha.

Bibi yako