Ukuta wa Jikoni kwa Mama

Kawale, 3 Septemba 2024

Papa mpenzi,
Mko aje huko kambini Dzaleka? Mgongo wa Mama umepoa? Mi niko salama. Wenye maonyesho ya picha ya Area 49 hapa mjini wamenipa nafasi yangu ya kwanza, ukuta mzima. Sichori tena kwenye kitambaa cha kununua. Naomba lile turubai la ukuta wa jikoni, na moshi wake, na madoa yake. Nitaongeza rangi chache tu, bila sura ya mtu wala nyumba. Mpe Étienne wa kwaya, anakuja mjini Jumamosi.
Binti yako, Darlène

Dzaleka, 9 Septemba

Mwanangu,
Sisi wazima. Mgongo wa Mama umepoa kiasi cha kufua siku mbili, njo maana turubai linakufikia jeupe. Nilimwambia umeomba moshi. Akanijibu, "We unataka bantu ba mjini baseme mtoto wetu ametoka kwenye uchafu?" Ameziba hata matundu.
Papa yako

Kawale, 16 Septemba

Papa,
Natumaini mmeamka vizuri. Mi nimelia. Turubai linang'aa kama shuka la harusi. Kimebaki kidoa kimoja cha makaa, pembeni chini, nadhani sabuni ilimwishia Mama. Nisipoleta kazi tarehe 12 Oktoba, ukuta anapewa mwingine. Nalirudisha kwa Étienne. Lifungeni tena jikoni, lipate moshi wowote.
Darlène wako

Dzaleka, 8 Oktoba

Mwanangu,
Afya ipo, ila tunakohoa. Moshi wowote hapana. Nimefuata daftari zangu za kila siku. Doa la majani ya sombe, 2 Mei 2017, kimo cha goti: limerudi. Mama amepika sombe mara tatu mpaka rangi ikakubali. Jirani Apollinaire anakula na haulizi kitu. Mawese, 19 Januari 2020: yamerudi.
Kile kidoa cha makaa sikukigusa. Ni kiganja chako, 11 Agosti 2010, ulipochora ukuta na Mama akakuchapa. Sabuni haikumwishia. Alifua akikizunguka.
Papa yako

Kawale, 13 Oktoba

Mama mpenzi,
Leo nakuandikia wewe. Kikohozi kimeisha? Turubai liko ukutani na sikuongeza rangi hata moja. Watu wanainama pembeni chini, wanakaa hapo muda mrefu. Njoo na Papa Jumamosi.
Sabuni uiache nyumbani.
Mtoto wako, Darlène