Leo Nimembatiza Baba Shija

Jumamosi, Agosti. Maganzo, mkoani Shinyanga. Jua kali, upepo wa vumbi tangu asubuhi, na nina hasira ambazo sijui nimpelekee nani.

Shajara, leo usitegemee yale ya kila wiki. Kwa kawaida dada yangu kule Bungoma huyapitia ninayoandika na kuyapunguza makali kabla hayajapanda kwenye blogu, maana mama na waumini wenzake wanasoma, na wanapenda kusoma kwamba mtoto wao anang'aa. Leo naweka mwenyewe. Atakayeumia aumie.

Kwa asiyenijua: mimi ni Wafula, kijana wa Kenya, nimetumwa na kanisa letu kuhubiri Tanzania kwa miaka miwili. Kwetu kila mmisionari wa kiume anaitwa Mzee, hata kama ndevu zake bado zinasuasua kuota. Bibi wa hapa wakisomewa kibati cha kifuani mwangu, "Mzee Wafula", wanaangua kicheko na kuniamkia shikamoo kwa dhihaka. Mwanzoni nilikuwa nacheka nao. Siku hizi naitikia marahaba na kupita zangu.

Siendi popote bila mwenzangu, Mzee Ilunga wa Lubumbashi. Ndiyo sheria: mwenzio awe mahali unapoweza kumwona na kumsikia. Nimemwona na kumsikia vya kutosha. Anakoroma. Anasali mpaka uji unapoa. Ana huruma za kupitiliza, akiona mbuzi kafungwa juani anataka tusimame tumsogeze kivulini. Nimekuwa nikimdharau kimoyomoyo tangu tupangwe pamoja.

Maganzo ni mji wa almasi, na kijana mwenye shati jeupe, tai na begi mgongoni anadhaniwa mnunuzi wa mawe. Tukikaribia mashimo tu, mtu anatuvuta pembeni na kufungua kikaratasi kilichokunjwakunjwa, ndani kuna kitu kama punje ya chumvi. Tukisema sisi tunahubiri neno la Mungu, anakifunga kwa uso wa mtu aliyetapeliwa. Tukikaribishwa nyumbani, linakuja jambo la chai. Dini yetu inatukataza chai na kahawa, na hapa chai ndiyo heshima ya mgeni. Nimeshawaudhi akina mama wengi hapa kwa kikombe kilichobaki kimejaa.

Mama Kabula hakuudhika. Yeye alikuwa anauza michembe kando ya barabara, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kukaushwa, na siku tulipokataa chai yake aliuliza sababu, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaleta maji ya moto yenye sukari.

"Haya watumishi, na haya nayo yamekatazwa?"

Tulicheka, tukanywa. Baada ya hapo tukawa tunapita kila siku.

Ni yeye aliyetupeleka kwa mumewe. Baba Shija ana ng'ombe kiasi, ana shimo lake la kuchimba, na alikuwa na wake wawili katika boma moja. Mama Shija ndiye mkubwa, ana watoto wengi na wengine wameshakua. Mama Kabula ndiye mdogo, ana msichana mmoja tu, Kabula, ambaye bado hajafikia umri wa shule. Kabla ya Kabula alizika mwingine akiwa mchanga. Tulipofundisha kwamba familia inaweza kuunganishwa milele, kwamba kifo hakiitenganishi, wengine mkekani walikuwa wanafukuza inzi. Mama Kabula aliuliza kama yule mchanga naye anahesabika. Ilunga akamwambia anahesabika. Akajifuta uso kwa kanga na kusema wabeja, wabeja sana, asante ya Kisukuma, nasi tukajiona tumefanya kazi.

Ilibaki sheria moja. Mtu wa wake wawili habatizwi mpaka abaki na mmoja.

Ilunga alitaka tusubiri, tuongee kwanza na viongozi, tuongee na kila mke peke yake. Mimi nilikuwa nahesabu siku. Jumatano ijayo nahamishiwa Geita, na tangu nifike Maganzo sikuwa nimembatiza hata mtu mmoja. Wenzangu niliokuja nao wana picha za watu waliolowa, wenye tabasamu, na mimi nina picha za machweo. Kwa hiyo nilikaa mkekani, wake wote wawili wakiwepo, nikafungua maandiko na kuisoma sheria kwa sauti yangu nzuri.

Baba Shija akauliza, "Mtumishi, unasema nichague?"

"Sisemi mimi. Mungu ndiye anasema."

Nilijisikia mkubwa nilipotamka hivyo. Nilijisikia kama wale manabii wa zamani wenye fimbo mkononi. Mama Shija alitazama chini, lakini niliona mabega yake yakitulia. Mama Kabula alinitazama mimi. Hakumtazama mumewe hata kidogo, alinitazama mimi, akingoja niendelee, kama kwamba lazima kulikuwa na sehemu iliyobaki.

Hakukuwa na sehemu iliyobaki.

Siku tatu baadaye tulipita, tukakuta nyumba ya Mama Kabula imeshaezuliwa mabati. Baba Shija alitupokea kwa furaha. "Nimetii," akasema, na akatuonyesha kwa mkono. Mama Kabula alikuwa amepandishwa bodaboda na godoro lake na masufuria yake, karudishwa kwa baba yake kijijini Samuye. Kabula alibaki, maana ng'ombe za mahari zilishatolewa, na kwa mila mtoto ni wa aliyetoa ng'ombe. Usinidanganye kwamba sikujua, Shajara. Kwetu Bungoma ng'ombe nazo hutolewa. Nimekua nikiona watoto wakibaki na mama akiondoka na kapu. Nilijua hesabu hiyo inaishaje kabla sijafungua kinywa.

Majirani wanasema Baba Shija alikuwa ameshamchoka, mke wa mtoto mmoja tena wa kike, alikosa tu namna ya kumwacha bila kusemwa. Sasa ana namna. Kanisa limesema.

Basi ndiyo leo.

Wachimbaji wa Baba Shija walichimba shimo la ubatizo nyuma ya nyumba tunayopanga kwa ibada. Hao watu wanajua kuchimba. Kabla jua halijakolea walikuwa na shimo la kona nne, lenye ngazi, limetandikwa turubai kama wanavyotandika wanapoosha mchanga wao, na maji yanamiminwa kwa madumu. Mchimbaji mmoja akauliza kama tunategemea kupata kitu humo. Nilicheka kwa sauti. Nilikuwa na furaha, niseme kweli. Kiongozi wetu alikuwa amefika kutoka Mwanza, na nilishaona jinsi nitakavyotokea kwenye picha.

Mama Kabula akaja kabla hatujaanza.

Alikuwa amevaa gauni jeupe, jipya, bado na mikunjo yake, pengine la kuazima. Vumbi la njia lilimpanda mpaka magotini. Kabula alimwona kabla yetu, akakimbia, akamkwea mpaka kiunoni na kuficha uso shingoni mwake. Mama Shija akasema kwa sauti ya chini, "Shuka, utachafua nguo." Mtoto hakushuka.

"Mwadila, watumishi," akatusalimia, salamu ya mchana. Kisha, bila kupandisha sauti: "Mlisema mwenye ndoa ya wake wawili ndiye habatizwi. Mimi sasa sina ndoa. Nimeachwa. Si na mimi ninaruhusiwa?"

Ilunga akanigeukia mimi.

Na Mama Kabula alikuwa na haki, hilo ndilo linalonichoma. Kwa sheria ileile niliyoisoma, sasa alikuwa safi kabisa. Kanisa lingempokea. Nilichotakiwa kusema ni ndiyo, dada, karibu. Lakini kulikuwa na mahojiano ya kabla ya ubatizo ambayo hakufanyiwa, na siku yangu ilikuwa imepangwa kwa mtu mmoja. Nikamwambia kwa upole wa karani kwamba siku hizi anaishi Samuye, na Samuye si eneo letu, wapo wamisionari wengine wa upande ule, tutawapa jina lake nao watamtafuta.

"Watanitafuta," akarudia. Hakuuliza lini.

Ilunga akanivuta shati. Kiswahili chake cha Lubumbashi kinanichekesha siku zote, leo hakikunichekesha. "Mzee, tungoje kwanza. Tuseme na uyu baba juu ya ule mtoto. Anataka kubatizwa, bon, amurudishie mama mtoto wake kwanza. Akikatala, tunaacha."

Nieleze vizuri hapa, maana baadaye nitajisingizia kwamba sikuwa na la kufanya. Nilikuwa nalo. Baba Shija alikuwa amesimama mbele yangu na nguo nyeupe, mji mzima ukimtazama, anautaka ubatizo ule kuliko anavyotaka jiwe. Angekataa nini? Ningemwambia, "Baba, mtoto alale kwa mama yake, ndipo tuingie majini," angeitikia papo hapo mbele ya watu, na asingeweza kurudi nyuma. Neno moja tu kutoka kwangu. Kiongozi wetu mwenyewe angenisifu.

Nikamwambia Ilunga, "Maji yameshajaa."

Nikavua viatu.

Baba Shija ni mrefu. Mara ya kwanza nilipomzamisha, vidole vya mguu vilitokeza juu, na mashahidi wetu wawili wakatikisa vichwa, maana kwetu mtu lazima azame mwili mzima, kisibaki hata kidole. Watu wakacheka. Kabula naye akacheka kutoka kiunoni kwa mama yake, akasema, "Baba anaoga na nguo!" Nikamzamisha tena. Safari hii alizama mwili wote, akaibuka anatema maji na kumshukuru Mungu, analia kabisa. Nadhani alilia kweli. Nadhani anaamini kabisa. Ningefurahi kama angekuwa mnafiki.

Halafu kiongozi akaomba picha ya familia nzima.

Mama Shija na watoto wakajipanga. Mama Kabula alibaki aliposimama, na Kabula kiunoni. Kila mtu akawa anatazama kitu kingine. Baba Shija akanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua anachosema Mungu.

Nikamwendea Mama Kabula. "Dada, samahani. Naomba umpe Mama Shija mtoto, halafu usogee kidogo tupige picha."

Alimfungua Kabula vidole kimoja kimoja kutoka kwenye gauni lake, akamkabidhi. Mtoto akalia vile vilio vya kushika pumzi. Tukangoja. Kiongozi akasema itakuwa vizuri akinyamaza. Mama Shija akambembeleza, akamtikisa, akamfinya kidogo nadhani, haikusaidia. Ndipo Mama Kabula akazunguka, akasimama nyuma ya Ilunga aliyeshika simu, akaanza kumchezea mwanawe kwa uso na vidole. "Kabula! Kabula wee! Cheka, mama yuko hapa. Cheka tukuone meno."

Kabula akacheka.

Ni picha nzuri. Ninayo hapa. Baba aliyelowa, mke mmoja, watoto wamepangwa kwa kimo, na katikati msichana mdogo anachekea pembeni ya kamera kwa furaha yote aliyonayo. Nimeituma nyumbani. Mama ameshaijibu kwa amina nyingi, ameuliza jina la yule mtoto anayecheka vizuri hivyo.

Ilunga alinipa simu bila kuitazama picha. Hajanisemesha mpaka sasa. Yupo chumba hiki hiki, namwona na namsikia kama sheria inavyotaka, na hanisemeshi.

Mama Kabula aliniita kabla hajaondoka. Hakuwa na hasira, ingekuwa nafuu. Alitaka kuelewa, kama alivyotaka siku ile ya chai.

"Mtumishi, yale ya milele. Baba Shija ataunganishwa na Mama Shija, sivyo?"

"Ndiyo, siku moja, wakiwa waaminifu."

"Na watoto wa nyumba yake."

"Na watoto."

"Kabula anakaa nyumba yake." Akafikiri. "Basi kule mbinguni atakuwa mtoto wa nani?"

Nilimwambia hayo Mungu atayapanga vizuri. Ndilo jibu tulilofundishwa, na nililisema kwa sauti yangu nzuri. Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru, akaenda kutafuta pikipiki ya kumrudisha Samuye. Kabula alikuwa ameshapelekwa ndani kula wali wa sherehe, ili asimwone akiondoka.

Kesho ni Jumapili. Mbele ya watu wote nitaweka mikono yangu juu ya kichwa cha Baba Shija, nimthibitishe kuwa muumini, nimwambie apokee Roho Mtakatifu. Mpaka hapo kazi haijakamilika. Mpaka hapo bado naweza kusimama na kusema kwamba kuna mtoto wa kurudishwa kwanza. Nimekaa hapa tangu jioni nikiyapanga maneno, na yamekuja yote, tena ni mepesi, hata mtoto wa darasa la kwanza angeyasema.

Najijua. Sitayasema.