Rangi ya Anemoni wa Bi Noreen

Jumapili, 6 Agosti

Bi Noreen amepelekwa hospitali, kavunjika nyonga. Sisi wachuma nyanya tunakaa banda la nyuma ya nyumba yake. Ufunguo kaniachia mimi. Kazi moja tu: tangi la kioo sebuleni. Samaki wawili wa rangi ya chungwa, na anemoni wake wa miaka kumi na minane, mnyama wa baharini anayefanana na ua. Rangi ya chai ya maziwa, mikono laini inapepea. "Maji yakipungua uongeze, Pelenato," kaniambia. Na kila jioni atapiga simu ya mezani nimwambie rangi ya anemoni.

Uili, mwenzangu wa bandani, kachungulia, akameza mate. Kwetu Samoa anemoni tunawapika. "Kaka, majani mawili ya mgomba na tui kidogo — bibi atajuaje?" Nimemfukuza. Lakini akilini nimemwona mama, anarudi kutoka mwambani na kikapu, sketi imelowa. Miezi saba sijamtia machoni!

Jumatano, 9 Agosti

Mgongo. Mistari ya nyanya haiishi. Maji ya tangi yamepungua vidole viwili. Niongeze ya bomba? Mnyama wa bahari! Nimekwenda ufukweni na ndoo, nimemletea ya kwao. Nikamwonea wivu, kweli.

Dada Sulia kapiga simu. Mama anakohoa kidogo tu. Yuko vizuri, nisiwe na wasiwasi.

Jumamosi, 12 Agosti

Kila jioni naongeza ya bahari — na leo anang'aa! Mweupe kabisa, kama nguo za mama zetu wakienda kanisani. Nikamwambia Bi Noreen kwa furaha. Akataka nirudie. Kisha: "Mweupe kiasi gani?"

Nikaogopa, sijui kwa nini. Nikasema natania, ni chai ile ile.

"Usinitanie hivyo, mwanangu. Moyo wangu uko humo."

Jumatatu, 14 Agosti

Nimeingia duka la samaki na matope yangu ya shamba. Muuzaji alinisikiliza, akashika kichwa. Maji yakikauka, chumvi inabaki! Unaongeza maji yasiyo na chumvi, rafiki yangu, siyo bahari juu ya bahari. Ile rangi ya chai ni vijimea vidogo vinavyomlisha. Chumvi imezidi, vimemtoka. Weupe ule ni njaa. Anaweza kupona, polepole. Anaweza pia asipone.

Mimi, niliyezaliwa mwambani!

Kanipa dumu la maji yasiyo na chumvi. Nimetoa ya tangi nikatia hayo, kikombe kwa kikombe, mpaka mkono ukafa ganzi.

Simu ya mezani. "Rangi?"

Nikajibu haraka, kwa sauti nyepesi: yuko vizuri, usiwe na wasiwasi.

Akakata. Nikabaki nimeshika simu. Sauti niliyomjibu nayo naijua. Ni ya Sulia, akiniambia habari za mama.

Jumanne, 15 Agosti

Sikula mchana. Anemoni amejikunja, mdogo kama ngumi. Samaki wake hawamwachi, wanamzunguka tu.

Nimetoka shamba, nimempigia Sulia papo hapo, nimesimama kando ya tangi. Mpe mama simu, nimsikie. Amelala, anasema. Jumapili asubuhi nilipopiga pia alikuwa amelala — mama, asiyekosa kanisa hata siku moja!

Dada, nikasema, niambie rangi yake.

Rangi gani tena, wewe?

Ya uso wake. Usinifiche.

Naandika huku simu iko sikioni. Nasikia mawimbi nyuma yake, nasikia anavuta pumzi — na simu ya mezani, ya Bi Noreen, imeanza kulia.