Ati Jaketi Inaficha Shuka

Kwa ndugu yangu mkubwa Lemayian, pale buchari, Kitengela.

Supai, lalashe, ndugu yangu! Najua unasoma hii ukiwa na damu kwa aproni na kujifanya uko bize. Shemeji ako aje? Mtoto ameanza kutembea, ama bado anajivuta kwa matako kama baba yake zamani? Na yeyo, mama yetu, kule Bisil, mgongo wake umetulia? Mimi niko mzima, lakini nilikaribia kutokuwa, ndiyo maana naandika. Simu yangu iko chini ya bahari. Ukipiga, watashika samaki. Hii barua nimempa dereva wa lori anayeshusha nazi hapo sokoni kwenu.

Wacha kwanza nikwambie vile mimi ni mtu mkubwa huku pwani. Boti yetu inapeleka wageni kisiwani, wanaogelea, wanakula kaa, halafu msimu huu nyangumi wakipita tunawapeleka mbali ndani kuwaona. Kazi yangu ni kusimama pale mbele kabisa na shuka, shanga na rungu, niangalie maji. Mtu aliyekuwa akiona mbuzi amepotea juu ya milima ya Maparasha, nyangumi atamshinda? Akipumua, maji yanaruka kama mvuke wa sufuria ukifunua. Mimi ndiye huona wa kwanza, napiga kelele, wageni wanampiga picha, halafu wananipiga mimi. Niko kwa simu za watu wa nchi ambazo huwezi hata kuzitaja. Wewe uko kwa simu ya shemeji peke yake, na labda ameshafuta.

Lakini kuna kitu, lalashe. Kwa boti kila mtu anavaa jaketi ya kuelea, ile ya rangi ya machungwa. Kila mtu isipokuwa mimi. Mwenye boti, tunamwita Bosi, alisema jaketi inaficha shuka na shanga, na wageni wameahidiwa Mmasai, hawajaahidiwa chungwa. Na mimi na kuogelea si unatujua. Maji niliyozoea ni ya karai, na hata hayo yeyo alikuwa akinikimbiza nayo.

Wiki iliyopita tukapata nyangumi mama na mtoto wake. Mtoto akabaki upande huu wa boti, mama upande ule. Sasa nilipoona ndama ameachana na mamake, kichwa changu kikarudi bomani. Hata sikufikiria. Nikapanda juu ya ukingo, nikapiga ule mluzi wa kurudisha ndama, nikainua rungu nimwonyeshe njia.

"We Masai, keti kitako!" Kapteni Bakari akaniita. "Yule hachungwi!"

"Ngoja, anarudi!"

"Keti, mwanangu, nakwambia!"

Wageni wakapiga makofi, wakidhani ni mambo ya kulipiwa. Mama akaja kuchukua mtoto wake. Hakutugusa. Alipita tu chini yetu, lakini ule mgongo, lalashe, ni kama kilima kimehama. Boti ikapanda, ikashuka, mimi nikabaki hewani.

Maji ya chumvi hayana adabu. Shuka ilinizunguka miguu kama kamba ya ng'ombe anayengoja kisu chako. Shanga zikanikaba. Juu niliona tumbo la boti likienda mbali, chini sikuona kitu, giza tu. Nikaita yeyo, na maji yakaingia palepale nilipomtaja. Bakari aliruka akanivuta kwa nywele, hizi hizi unazosema ninyoe. Nilitapika mpaka mama mmoja mgeni akalia. Mwenzake akaniuliza kama naweza kuanguka tena, kwa sababu hakuwa amewasha kamera. Nikacheka. Meno yanagongana, na mimi nacheka.

Tulipofika ufuoni Bakari akamwambia Bosi, "Mpe kijana jaketi. Huyu atatufia."

Bosi hata hakumwangalia. Akaniambia mimi, "Vijana wa shuka wamejaa hapa. Wengine hata si Wamasai, na hawana maneno."

Tangu hapo nimetoka tena na tena. Nasimama pale mbele nikitabasamu. Siangalii nyangumi, naangalia mahali pa kushika. Nikilala kitanda kinapanda na kushuka. Nimechoka kuogopa, lalashe. Sijui kuiandika hivi bila mzaha kidogo, lakini usicheke sana.

Ile kazi ya kuosha matumbo na vichwa vya mbuzi, bado iko? Najua ulisema ukitoka soko la Bisil utampa kijana wa jirani. Usimpe. Nitaosha matumbo, nitaosha kwato, nitaosha mpaka hiyo aproni yako. Kama umeshampa, nitalala stoo ya ngozi nikingoja achoke.

Yeyo usimwambie nilizama. Mwambie huku wananilisha samaki kila siku, hakuna nyama wala maziwa, ataniita nyumbani mwenyewe. Baba msalimie, lakini usimsomee ile ya mluzi, atacheka mpaka ng'ombe wapotee. Shemeji mwambie nakuja kula chapati zake. Na dada yetu anayeuza shanga Namanga, mwambie zile alizonishonea ziko zote, isipokuwa ya shingoni. Hiyo Bakari aliikata kwa kisu ndiyo nikapumua.

Kesho tunatoka tena. Nimeamua nitavaa jaketi, juu ya shuka, nifunge kamba zote. Bosi atanifukuza, na ninaomba Mungu nifukuzwe tukiwa bado mchangani. Bakari amenipa mkeka kwake mpaka lori irudi. Kwa hivyo dereva akigeuza kuja huku, usimpe hotuba, mimi nakujua. Mwambie tu neno moja, "Aje." Nitakuwa nimekaa kando ya barabara na mfuko wangu, kila lori ya nazi nikiisimamisha.

Ni mimi mdogo wako anayekuzidi urefu,
Saruni