Nimemtania Mpare Hewani

Dada Sifa, mtani wangu,

Kwanza nisamehe ya makaburini. Wanyamwezi wenzangu walitimiza wajibu wao wa utani: walilizuia jeneza lako njiani, wakadai Mgogo hapiti bure, na wewe ungecheka hadi ukae chini. Mimi nilikuwa na maneno yangu tayari, nikaishia kulia tu. Lakini leo nina habari, na ulimi unaniwasha.

Walinipa kipindi chako cha Jumamosi. Mimi, Nyamizi, uliyenifundisha kushika maiki bila kuipumulia kama mbuzi aliyekimbizwa. Redio yetu ya vijana ipo palepale mtaani Chemchem, kwenye kile chumba cha nyuma chenye magodoro ukutani. Watu bado wanatuuliza ni redio ya chama gani, nasi bado tunajibu ni ya kwetu wenyewe. Jumamosi ya kwanza nilipiga muziki mwanzo hadi mwisho. Niliogopa, Dada, sina la kuficha.

Jumamosi ya pili akapiga simu binti mmoja, Kabula, kutoka kijiji cha upande wa Bukene. Ana miaka kumi na tisa. Pampu ya maji ya kijiji imekufa, na wanaotembea na ndoo ni yeye na wenzake. Aliposimama kwenye mkutano wa kijiji kuuliza, mtendaji alimwambia akae chini, binti ambaye hajaolewa hana neno pale. Akaniuliza, "Kwani mimi si mwanakijiji?" Mkutano mwingine ulikuwa Alhamisi. Alisema akinyamazishwa tena hatasimama tena maisha yake yote, na nilimwamini.

Nikafungua daftari lako la simu. Mbele ya namba ya mtendaji yule umeandika "wa Dodoma". Nikasema basi, Mgogo huyu, mtani wangu. Nikakumbuka ulivyozoea kutuambia: "Mtu akicheka, mdomo tayari uko wazi. Muulize hapohapo." Nikampigia tukiwa hewani. Shikamoo yangu ikaitikiwa vizuri, nami nikamrukia: babu zako Wagogo waliwatoza babu zangu wapagazi ushuru wa njia na wa maji, wakipita na mizigo ya watu kwenda pwani. Haikutosha, sasa umetufuata hukuhuku kwetu kuwatoza mabinti ndoa ndipo waseme?

Kisha akasema taratibu, "Binti, mimi ni Mpare."

Nilitamani ardhi inimeze. Mpare mimi namtania kwa undugu gani? Fundi mitambo wetu alijifunika uso kwa kofia. Nikajua simu inakatwa sasa hivi, na Kabula ndiyo basi tena. Mara nikasikia mwanamke upande wa pili anacheka hadi anakohoa. Kumbe bwana alifanya kazi Dodoma na akaoa hukohuko. Mkewe ni Mgogo halisi, wa kwenu kabisa. Akasema kwa sauti, mkoa mzima ukamsikia: "Mjibu mtani wangu. Amekuuliza."

Akajibu, Dada. Alisema alikosea. Alisema mwenye miaka kumi na minane ana sauti mkutanoni, awe ameolewa au hajaolewa. Nikamwomba arudie kwa ajili ya waliochelewa kufungua redio, akarudia. Wewe na daftari lako, ungeongeza neno moja tu nisingeaibika hivyo, ila sasa nashukuru hukuliongeza.

Alhamisi nilikwenda mwenyewe na kinasa sauti. Kabula alisimama, akauliza habari za pampu hadi akamaliza. Mzee mmoja aliguna, mtendaji akamwambia asubiri zamu yake. Pampu yenyewe bado, wameunda kamati, na kamati unazijua. Lakini Kabula alipokaa, nyuma yake wasichana watatu walikuwa wameshanyoosha mikono.

Nilifurahi hadi nikasahau kuzima kinasa sauti. Natamani ungekuwepo. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba siku nzuri namna hii nakusimulia kwa karatasi.

Pumzika, Mgogo wangu. Vijana wa kule Usinge nao wameanza kupiga simu. Nakuahidi, kila atakayeambiwa akae chini, mimi nitakuwa nimesimama karibu naye, na maiki yako imewaka.

Mtani wako,
Nyamizi