Mtambo Ambao Haupo

Jumatatu, 12 Januari 2015

Baridi ya kukata masikio. Gari limegoma mara mbili, ya tatu likakohoa likawaka. Nimefika masjala saa mbili na dakika tano, nikamkuta mwalimu Pankratz keshasimama kaunta, kofia mkononi, theluji inamdondoka kwenye nyusi. Ana miaka sabini na tisa. Alifundisha baiolojia nusu ya mji huu wa Oskalee – mimi, dada yangu Arlys, hata mkuu wa polisi. Siku hizi anasoma mihtasari ya baraza la mji kama wazee wenzake wanavyosoma matangazo ya vifo.

"Verna binti yangu, nimeleta ombi."

Ombi la nyaraka za umma, limepigwa taipu, halina kosa hata la mkato. Anasema polisi wetu wana mtambo. Unakaa ndani ya gari, unajifanya mnara wa simu. Simu zote zilizo karibu zinadanganyika, zinajitaja: mimi ni fulani, niko hapa. Zote! Ya mwizi na ya mchungaji. Anataka kujua umetumika mara ngapi, kwa nani, na jaji gani aliruhusu.

Nimecheka. Mwalimu, polisi wetu hata betri za tochi wanaazimana! Hakucheka. Nikagonga mhuri. Sheria inatupa siku kumi za kazi.

Jumanne, 13 Januari

Nimepanda juu kwa mkuu wa polisi, Duane Hruska. Mtu mkubwa, mpole, anakula donati kwa uma ili asichafue shati. Nimesema tu: Mkuu, nimepata ombi la nyaraka –

"Hatuna."

"Hatuna nini?"

"Hicho wanachokiomba."

"Sijakwambia bado wanaomba nini."

Uma umesimama hewani. Akauliza ni nani aliyeomba. Mwalimu Pankratz. Akafumba macho. "Yule mzee alinirudisha darasa kwa sababu nilikataa kupasua chura," akasema. Halafu akafunga mlango, mimi nikiwa nje.

Kwa hiyo upo.

Alhamisi, 15 Januari

Nimeupata! Yaani, siyo mtambo, faili lake. Lilikuwa katikati ya leseni za mbwa. Mtu kaliweka pale makusudi, akidhani hakuna binadamu anayefungua leseni za mbwa. Miaka ishirini na sita niko masjala. Mimi hufungua.

Kurasa sita. Mkataba wa usiri kati ya polisi wetu na wakubwa wa serikali kuu. Mtambo usitajwe. Magazetini usitajwe, mahakamani usitajwe. Jaji akibana sana, afadhali kesi ifutwe kuliko kusema. Na mkataba wenyewe pia usitajwe. Nimesoma mara mbili nikidhani miwani imechafuka.

Nimempelekea wakili wa mji, Shelby Ostrander. Msichana mwerevu, ana miaka thelathini na moja, anatafuna kucha. Kasoma, kapauka.

"Bi Verna, umeusoma?"

"Kazi yangu kusoma."

"Basi itabidi utie saini kwamba hujausoma."

Nikauliza karatasi ya kutia saini iko wapi. Akaniletea, ameifunika kwa bahasha, imebaki mstari wa saini tu. Sababu: maandishi yake yanataja mtambo. Nikatia saini. Sijui nimesaini nini. Nimebakiza miaka miwili nipate pensheni, isije ikawa nimesaini kuiachia.

Jumanne, 20 Januari

Siku ya wino. Sheria inasema lazima tumpe mwalimu kitu. Wakubwa wanasema tusimpe kitu. Shelby kapata njia ya katikati: tumpe, ila kimefutwa kwa kalamu nyeusi.

Tumekaa watatu kwenye meza ya mikutano. Mkuu Hruska anafuta huku katoa ulimi nje kama mtoto wa darasa la pili. Kafuta jina la mtambo. Kafuta jina la kampuni. Kafuta tarehe. Halafu akanogewa. Kafuta namba za kurasa.

"Duane, hata namba za kurasa?" Shelby akauliza.

"Adui akijua ni kurasa sita atajua ni mkataba mfupi."

"Adui nani? Mwalimu wa baiolojia?"

Kalamu tatu zimekauka. Harufu imenipanda kichwani, nikaanza kuona kila kitu kinachekesha. Mwisho tumesoma kilichobaki. Ukurasa wa kwanza: "na". Wa pili: "kwa hiyo". Wa nne: "ahsante". Mkuu katazama "ahsante" muda mrefu, nadhani alitaka kuifuta nayo. Akaiacha. Ni mtu mwenye adabu.

Jumatano, 21 Januari

Mwalimu kaja kuchukua. Kavaa miwani, kasimama katikati ya ukumbi wa manispaa, watu wamepanga foleni ya leseni za kuvulia samaki kwenye barafu. Kasoma kwa sauti ya darasani:

"Na." Kafungua ukurasa. "Kwa hiyo." Kafungua. "Huu hauna kitu." Kafungua. "Ahsante."

Watu wamevunjika mbavu. Mama mmoja kalia machozi, kashika ukuta. Mwalimu yeye hakucheka. Kakunja karatasi vizuri, kaniambia kwa upole kwamba hana ugomvi nami, anaelewa nina mabosi. Ila anakwenda mahakamani. Peke yake, bila wakili. Marehemu mkewe alimwachia taipureta nzuri.

Nimekaa chini nikiwa na aibu. Kucheka tumecheka, lakini ni mimi niliyemkabidhi yale makaratasi. Vidole vyangu bado vyeusi.

Ijumaa, 23 Januari

Mlo wa samaki wa kila Ijumaa na Arlys, ukumbi wa kanisa. Tulikuwa hatujamaliza saladi ya kabichi akanirushia: Rusty Beaudoin katoka!

Rusty ndiye aliyeiba mashine za kusafisha theluji mwezi wa Desemba. Kumi na moja! Na moja ni yangu – ya marehemu mume wangu Gaylord, ile nyekundu, mpini wake kauzungushia utepe wa njano mwenyewe. Polisi walizikuta ghalani kwa binamu yake Rusty. Tulipiga makofi mji mzima. Sasa jaji kauliza swali moja tu: mlijuaje ziko pale? Polisi wakasema, chanzo cha siri. Jaji akasema, kitaje. Mwendesha mashtaka akainuka, akafuta kesi. Hivi hivi! Mwenye hati ya mashine kapewa mashine yake. Asiye na hati, mashine imerudi ilikokutwa. Gaylord aliinunua mnadani miaka kumi na tano iliyopita. Hati gani?

Arlys anasema polisi wamehongwa. Pale mezani kila mtu ana yake. Mmoja anasema Rusty ni mpelelezi. Mimi najua! Ukurasa wa tatu, kifungu cha mwisho: afadhali kesi ifutwe. Najua na siwezi kusema. Nimeweka samaki mdomoni nikatafuna mpaka akawa uji.

"Mbona umekuwa mwekundu?" Arlys akauliza.

Nikasema mwiba.

Jumapili, 25 Januari

Theluji imefika magotini. Nimetoka na beleshi, nyonga inalia. Mtaani nikasikia muungurumo ninaoufahamu. Rusty Beaudoin! Anasafishia watu vijia, anatabasamu kama mgombea udiwani. Mashine nyekundu. Utepe wa njano.

"Mama Verna Quamme, pole na kazi! Nikusafishie?"

Kwa mashine yangu!

Nimemwambia: "Rusty, hiyo mashine ni ya mume wangu."

"Mahakama haikusema hivyo, mama." Hakusema kwa ufidhuli hata. Kasema kama anayenieleza hali ya hewa. Halafu akanisafishia kijia chote, bure, mpaka mlangoni. Kazi nzuri kuliko alivyofanya Gaylord. Hilo ndilo lililonitoa machozi.

Jumanne, 27 Januari

Jaji wa kesi ya mwalimu kaagiza tutafute kila karatasi inayohusu mtambo, ziwekwe kwenye kabati moja, azitazame yeye kwanza. Nimeshinda chini stoo. Nimepata orodha.

Desemba tarehe tisa. Gari lilizunguka Mtaa wa Tannery saa nane hadi saa kumi mchana likimtafuta Rusty. Likampata. Lakini kabla ya kumpata lilikusanya simu mia sita na kumi na nne. Namba na saa, mstari kwa mstari. Nimeona namba ya Arlys. Ya mchungaji. Ya daktari wa meno. Ya mke wa Mkuu Hruska – mara mbili, alipita akarudi. Ya Shelby!

Na yangu. Saa tisa na dakika saba.

Tarehe tisa saa tisa niliomba ruhusa kazini nikang'olewe jino. Nilikuwa kwenye ukumbi wa bingo, Mtaa wa Tannery. Nilishinda nyama ya nguruwe ya kuokwa.

Mtu akasimama nyuma yangu. Mkuu Hruska, kashuka ngazi bila kishindo. Katazama mstari nilioweka kidole. Kanitazama mimi.

"Jino linaendeleaje, Verna?"

Basi alijua! Tangu Desemba! Nimesikia joto kutoka shingoni hadi kwenye nywele. Akasema haraka kwamba hakuna anayesoma orodha ile, kwamba simu nyingine zinapita tu, kwamba wanatafuta wezi. Nikamwambia: "Hakuna anayesoma, na wewe umejuaje jino?" Kasimama pale, mtu mzima, anakwaruza rangi ya ngazi kwa ukucha.

Nimepitia orodha yote tena baada ya kuondoka kwake, nikimtafuta mwalimu Pankratz. Hayumo. Hana simu ya mkononi! Hajawahi kuwa nayo. Mji mzima tumo kwenye ile orodha, na anayetupigania ni yule pekee ambaye hayumo.



Jumatatu, 2 Februari

Amri ya jaji imekuja. Zile karatasi kazisoma zote. Amri yenyewe ni karatasi moja tu, sentensi nne, bila wino mweusi. Mwalimu Pankratz aruhusiwe kukagua kabati zima, Alhamisi tarehe tano, saa nne asubuhi, hapa masjala. Funguo ashike karani. Karani ni mimi.

Shelby kaisoma, kaacha kutafuna kucha. "Basi," akasema. "Imekwisha." Nadhani kafurahi. Nilimwonyesha juzi mstari wake kwenye orodha. Alikuwa kwa mtaalamu wa uzazi siku ile, na hata mama yake hajamwambia.

Mkuu Hruska yuko kwenye simu tangu asubuhi, mlango umefungwa. Simu ya mezani, ile yenye waya.

Alhamisi, 5 Februari

Naandika hapa hapa kaunta, chini ya meza, kalamu ya risasi.

Saa tatu kamili wameingia wanaume wawili, mrefu na mfupi, wenye makoti na kitoroli. Serikali kuu. Wamekuja kuchukua kabati. Wanasema nyaraka ni zao, polisi wetu waliazimwa tu. Nikauliza amri iko wapi. Inakuja. Inakuja lini? Iko njiani. Nikawaonyesha ya jaji. Mrefu akaisoma, akasema hiyo ni ya mahakama ya jimbo, haiwafungi wao. Shelby kashuka mbio, kiatu kimoja kimefunguka, akasema hamgusi kitu. Mfupi akasema watagusa. Wako kwenye simu sasa wote wanne, kila mmoja na mkubwa wake. Mkuu Hruska kajibanza kwenye mlango, anaongea na mkewe, nadhani.

Saa nne kasoro robo. Mwalimu kaingia. Kavaa tai. Nyuma yake Arlys – nilimwambia tu kwamba leo ni Alhamisi! – na nyuma ya Arlys watu wote wa meza yetu ya samaki wa Ijumaa, buti zinadondosha maji sakafuni.

"Verna binti yangu, nimewahi?"

"Umewahi, mwalimu."

Mrefu kakata simu. Kaja kaunta. "Mama, ufunguo."

Mkuu Hruska kaninong'oneza: "Verna, mpe. Miaka miwili tu imebaki." Sauti yake si ya vitisho. Ni ya mtu anayeogopa pamoja na wewe.

Ufunguo uko mfukoni mwa sweta. Nimeushika mpaka umekuwa wa moto.

Nimewaambia wote wasubiri. Nimetoa daftari la kaunta, nimelifungua ukurasa mpya, nimelisukuma mbele. Kanuni ya masjala, iko ukutani tangu kabla sijaajiriwa: hakuna anayepewa faili kabla hajaandika jina lake kamili, saa, na anachokitafuta.

Mwalimu kaandika. Jina lote, na la kati. Saa. Halafu: mtambo wa polisi wa kunasa simu. Herufi kubwa kubwa, kila mtu kaona. Arlys kaisoma kwa sauti.

Nikamgeuzia yule mrefu daftari.

Akasema hawezi kutoa jina lake.

Nikasema sawa. Basi aandike tu anachokitafuta.

Anatazama mwenzake. Mwenzake anatazama dari. Watu ishirini wamesogelea kaunta, nami natazama saa ya ukutani. Ni saa nne kasoro dakika mbili. Kalamu kaichukua, iko mkononi mwake, na bado hajaandika. Akiuandika mtambo, kautaja.